Leseni ya Mama Bega

Kama yupo mtu aliyewahi kumdanganya Mama Bega kwa kiungo kibovu, basi mtu huyo hajazaliwa bado, na siku akizaliwa ajiandae. Huyu mama alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa ya mji, tangu enzi zile chumba chake kilipokuwa na kitanda kimoja, kioo kirefu chenye ufa na vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea upya. Waliopigwa na kiharusi, waliovunjika nyonga, waliotoka kwenye ajali na miguu isiyowatii, wote waliletwa kwake wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu. Wengi walitoka kwa miguu yao wenyewe, huku wakimlalamikia hadi mlangoni.

Jina la Bega alipewa na wagonjwa, na alilistahili. Mtu mwenye mkono uliolegea akiambiwa ainue kikombe, bega lake hukimbilia kumsaidia. Linapanda hadi karibu na sikio, kikombe kinainuka, ndugu waliokuja kumtazama wanapiga makofi, kumbe mkono wenyewe haujafanya lolote. Basi Mama Bega, hata akiwa amempa kisogo mgonjwa huyo, alimwona kwenye kioo na kupaza sauti: "Bega hilo! Nimekuomba mkono, wewe unaniletea bega!" Wanafunzi wake aliwaambia jambo lilelile kila mwaka. Uso unaweza kukudanganya, mkono unaweza kukudanganya, lakini mtazame mtu bega, bega halijui kutunza siri.

Halafu ilikuwepo sheria ya chumba, na kwa sheria hiyo hakutaka mzaha. Hakuna mgonjwa kusimama kabla hajasema "nishike". Hata kama umekwisha kushikwa, hata kama wewe ni bosi wa wapi sijui, useme. Mtu anayesema nishike, alieleza, amekubali kwamba anaweza kuanguka, na aliyekubali hivyo husimama kwa akili. Asiyekubali husimama kwa kiburi, na kiburi hakina magoti. Watu wazima walikuwa wakiona haya kulisema neno hilo, wanaume hasa. Yeye aliwasubiri tu amekunja mikono, mpaka liwatoke.

Yeye mwenyewe je? Wee! Hakuwahi kulisema popote. Alikuwa mwanamke wa kuhamisha kabati peke yake wakati mume yupo sebuleni. Mumewe, fundi saa, mtu mpole aliyekuwa na meza yake ya kazi kando ya dirisha, alikwisha kuzoea kuinua kichwa kutoka kwenye saa ya mteja na kukuta kochi limebadilisha ukuta. "Ungeniita," alikuwa akisema. "Ungechelewa," mkewe alikuwa akimjibu.

Mganga hajigangi. Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi koti lake jeupe la kazini, na upande wake wote wa kushoto ukamuaga. Fundi alisikia kishindo, akamkuta ameketi sakafuni, mdomo umekwenda upande, anaikodolea macho pasi kana kwamba imemtukana. Kilikuwa kiharusi. Alipelekwa hospitali ileile, na baada ya siku za hatari kupita, akasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye chumba kilekile, mbele ya kioo kilekile.

Mgonjwa mbaya kuliko yeye hajawahi kuingia chumba kile. Waliomtibu walikuwa wanafunzi wake, na aliwakosoa kwa mdomo uliopinda. Mkanda wa kunishikia umelegea! Mguu wako uko wapi? Unamzuia goti au unamsalimia? Wao walicheka, wakafuta machozi kwa siri, wakaendelea. Kitu kimoja hawakuthubutu. Ile siku ya kwanza ya kumsimamisha walijua neno analopaswa kulisema, naye alijua, wote wakatazamana, na wale vijana wakamshika tu wakamwinua bila kulisubiri. Walimwonea haya mwalimu wao. Lilikuwa kosa la heshima, na makosa ya heshima ndiyo yanayochelewa kuonekana.

Alipona kwa juhudi zilizowachosha wengine. Mdomo ukarudi mahali pake. Mguu ukabaki na uzito kidogo, wa kuonekana na mwenye jicho la kazi tu. Mkono wa kushoto ukafunguka, ukafumba, ukapata nguvu za kukamua nguo nzito. Ila kiganja hakikurudi. Ukimwekea kitu kwenye kiganja hicho akiwa hatazami, hajui kama kimewekwa. Akiutazama mkono, unashika barabara. Akiyaondoa macho, unasahau ulichokuwa ukifanya na kulegea polepole. Daktari alipomwambia afumbe macho aguswe kwa pamba, alifumba nusu. "Hapa?" "Hapo." "Na hapa?" "Hapo pia." Daktari akaridhika. Ni ujanja ambao wagonjwa walijaribu kumfanyia yeye maisha yake yote, na hakuna aliyefaulu, lakini daktari yule hakuwa Mama Bega.

Sasa njoo kwenye leseni. Mtu wa kazi hii haruhusiwi kumgusa mgonjwa bila leseni ya Baraza la taaluma yao, na ya kwake ilikuwa imekufa akiwa kitandani. Alivaa vizuri, akaenda ofisi za Baraza akidhani atalipa ada dirishani na kurudi zake. Karani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kuliko nguo zake, alimsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana mama. Lakini yako haihuishwi dirishani," akamwambia. "Ukikaa nje ya kazi kwa ugonjwa kupita muda uliowekwa, kuna utaratibu wa kurejea. Taarifa ya daktari. Kisha unafanya kazi chini ya msimamizi. Kisha watathmini wawili wanakuja kukuona ukimhudumia mgonjwa. Hapo ndipo Baraza linaamua, leseni kamili, leseni yenye masharti, au hakuna leseni."

"Chini ya msimamizi? Mimi? Mwanangu, hao wasimamizi ni mimi niliyewafundisha kufunga mkanda!"

"Naamini, mama. Ila sheria haina shangazi."

Jibu lilimchekesha ingawa hakutaka. Karani akaendelea kwa sauti ya chini. Kama kuna kitu hawezi kukifanya kama zamani, akiseme mapema. Kikisemwa, Baraza linaweka sharti na kazi inaendelea, pengine aambiwe asifanye jambo fulani peke yake, basi. Kikifichwa kikaja kujulikana, jina linafutwa, na hapo hata mwenye shangazi hatasalimika.

"Sina kitu cha kusema," akajibu Mama Bega, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mkoba.

Nyumbani alimwambia mumewe habari zote isipokuwa ile ya mkono. Fundi akauliza kama masharti yenyewe ni mabaya sana. "Masharti!" akang'aka mkewe. "Ni kama kurudishiwa nyumba yako ukaambiwa usiingie jikoni." Kilichokuwa kikimsumbua hasa hakukisema. Aliogopa, tuliseme wazi. Aliogopa kuwekwa kwenye meza ya mapokezi apange miadi ya wagonjwa, wapita njia wakimtazama kwa huruma na kunong'ona kwamba huyo mama zamani alikuwa mtu. Bila chumba kile hakujua angeamka asubuhi afanye nini.

Msimamizi aliyepewa alikuwa mkuu wa idara wa sasa, mwanamke ambaye enzi za uanafunzi wake alikuwa mwoga hata wa kumgusa mgonjwa soksi. Mama Bega ndiye aliyemshika mkono na kuuweka juu ya goti la mgonjwa wa kwanza. Msimamizi huyo bado alimwita Mwalimu. Siku ya kuanza alimpokea mlangoni, akashindwa kujua amkabidhi koti au amsalimie kwa magoti, mwisho akafanya vyote viwili kwa pamoja na koti likaanguka.

"Usijali, mwanangu," akasema Mama Bega. "Wewe sasa ndiwe bosi, mimi mtoto wa shule. Niambie nikae dawati gani."

Akafanya kazi, na akaifanya vizuri. Jicho lilikuwa lilelile, na sauti ileile. Wagonjwa wapya walimwogopa kabla ya chai na kumpenda kabla ya chakula cha mchana. Tatizo lilikuwa sehemu moja tu ya kazi, nayo haikwepeki. Ukimhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, unasimama mbele yake, unaligandamiza goti lake bovu kwa goti lako, na mikono yako miwili inazunguka nyuma ya kiuno chake kushika mkanda. Mkono wa kushoto unakwenda nyuma ya mgongo wa mtu, mahali ambapo macho hayafiki. Mama Bega akapata dawa yake. Kila asubuhi, kabla ya wengine kufika, alikisukuma kitanda hadi mkabala na kile kioo. Hivyo, akimkumbatia mgonjwa, aliuona mkono wake kwenye kioo juu ya bega la mtu huyo, na ukionekana, ulishika. Funika kombe mwanaharamu apite.

Katika wagonjwa wa wakati huo alikuwepo Mzee Dereva. Aliendesha malori ya safari ndefu hadi alipopata kiharusi, na hata sasa kiti cha magurudumu alikisogeza kama anageuza trela kwenye uchochoro. Binti yake alikuwa tayari kumchukua nyumbani, ila kwanza ajifunze kuhama kitanda kwa usalama, kwa sababu binti hakuwa na kiuno cha kumwokota baba sakafuni. Na mzee hakutaka kusema nishike, abadani. Alisema "twende". Alisema "haya, gia ya kwanza". Alisema "mama, nina wajukuu, unaniaibisha". Mama Bega alikunja mikono na kumsubiri, na mara nyingi muda wake wa mazoezi uliisha wakitazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja la gogo.

"Unaogopa neno au unaogopa kuanguka?" alimuuliza siku moja.

"Kuanguka nimeanguka sana. Hilo neno ndilo sijawahi."

Basi ikaja asubuhi ambayo Mzee Dereva aliamka mnyonge. Binti alikuwa amempigia simu jioni iliyotangulia, akamwambia mjukuu wake anaulizia babu atarudi lini. Mama Bega alimfunga mkanda, akalizuia goti, mikono ikazunguka nyuma, macho yakaenda kwenye kioo kama kawaida. Akasubiri, bila matumaini makubwa.

"Nishike," akasema mzee, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba maji.

Jamani! Furaha iliyompata Mama Bega haikumwacha atazame kioo. Alimtazama mzee usoni, akitabasamu kwa mdomo wote, upande uliowahi kupinda na ule ambao haukupinda, na akamwinua. Nyuma ya mgongo, mkono wa kushoto ukabaki bila wa kuutazama. Ukalegea, mkanda ukateleza, na mzee akapinda upande kama mlango uliong'oka bawaba. Goti lake lilipiga sakafu, na paji la uso likakwaruza ukingo wa kitanda. Mama Bega alibaki amemning'iniza kwa mkono mmoja.

Msimamizi alifika mbio, wakamrudisha kitandani pamoja. Hakuna mfupa uliovunjika, ilikuwa damu kidogo juu ya nyusi na goti la kuvimba. Msimamizi alipohakikisha hilo, akauliza swali ambalo chumba kile huuliza kila mgonjwa anapoanguka.

"Alisema nishike?"

Mama Bega akafumbua mdomo. Mzee Dereva akamtangulia.

"Sikusema," akasema. "Nilijiinukia mwenyewe. Mnanijua, kichwa kigumu."

Na Mama Bega akaufunga mdomo wake. Alisimama pale, akasikia msimamizi akimkaripia mzee kwa upole, akimwambia kwamba mazoezi ya kuhama yatasimama kwanza, na binti ataambiwa baba bado hajawa mtu wa kurudi nyumbani. Roho ilimuuma, lakini kuuma ni kuuma na kusema ni kusema.

Walipobaki wawili, akamwuliza mzee kwa nini.

"Ungekosa karatasi yako," akajibu Dereva, akitazama dari. "Safarini, msaidizi wangu akigonga gari kwa bahati mbaya, nilisema ni mimi. Yeye alikuwa na safari nyingi mbele." Kisha akamgeukia. "Ila lile neno, mama, silisemi tena. Nimelisema mara moja, nimeiona faida yake."

Maneno hayo yalimwingia Mama Bega kuliko karipio lolote. Alitoka nje, akaegemea ukuta wa korido, na hapo ndipo msimamizi alipomkuta.

"Mwalimu, kile kitanda unakisogeza kila asubuhi."

"Natafuta mwanga."

"Mwanga uko dirishani, Mwalimu. Huku kuna kioo." Alikuwa ameinamisha kichwa kama enzi za soksi, lakini sauti haikutetemeka. "Na tangu umerudi, kila unapomshika mtu bega lako la kushoto linapanda. Ulinifundisha nitazame bega. Siwezi kuacha kulitazama kwa sababu ni lako. Watathmini wakija nitawaambia nilichokiona, sina njia nyingine. Ila ningependa wakisikie kwako kwanza."

Mama Bega alitaka kukasirika. Alijaribu hata, akavuta pumzi ya hasira, ikamtoka kama pumzi ya kawaida. Umfundishe mtu kuona, halafu umlaumu kwa nini ameona? "Nenda kamsafishe mzee kidonda," akasema. "Taratibu kwenye nyusi."

Jioni alikaa kwenye kiti karibu na meza ya fundi, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kukaa. Fundi alikuwa na lenzi yake jichoni, analisogeza gurudumu dogo la saa kwa kibano.

"Baba watoto, mkono huu hausikii."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Uliungua kidole na sufuria, hukusema hata aah. Nikasubiri useme." Akaitoa lenzi. "Mimi bila hiki kioo sijui hata mshale wa dakika uko wapi. Wateja wananiona nimekivaa. Kuna aliyewahi kuniambia mimi si fundi?"

"Saa haivunjiki nyonga," akamjibu mkewe kwa ukali.

"Ndiyo," akasema fundi. "Hilo ndilo ninalosema."

Akairudisha lenzi jichoni, na mkewe akakaa hapo mpaka saa ile ikaanza kutembea.

Siku ya watathmini ilifika na watu wawili, bwana mmoja mnene mwenye miwani ya kusomea na mwanamke mrefu asiyekuwa na haraka. Msimamizi alikuwa amemwandalia mwalimu wake mgonjwa mwepesi, mama aliyevunjika kiwiko, ambaye kazi yake yote ilikuwa kukunja na kukunjua. Hapakuwa na kuinua wala kuhamisha. Mtu angeweza kumaliza tathmini hiyo mkono mmoja ukiwa mfukoni.

"Nitamchukua Mzee Dereva," akasema Mama Bega.

"Mwalimu, hatasema," akanong'ona msimamizi.

"Najua hatasema."

Kisha akakisukuma kitanda, mbele ya watu wote, akakiondoa penye kioo na kukipeleka dirishani penye mwanga. Mzee Dereva alikaa ukingoni, kovu jipya juu ya nyusi, akiwatazama wageni kama askari wa barabarani waliomsimamisha. Mama Bega akamfunga mkanda. Akalizuia goti. Akamwambia wataenda kwenye kiti, na kwamba kabla ya kusimama anajua cha kusema. Mzee akaubana mdomo. Bwana wa miwani akaandika kitu.

Mama Bega angeweza kulisubiri neno lile, alikuwa bingwa wa kusubiri. Badala yake akaiondoa mikono yake kwenye mkanda, akasimama wima na kuwageukia wageni.

"Kabla hamjaandika zaidi," akasema. "Huyu baba iliandikwa kwamba alianguka kwa ukaidi. Si kweli. Alisema nishike. Nilimsikia, nikamshika, na mkono wangu wa kushoto ukamwachia bila kuniambia. Una nguvu lakini hauna habari. Nisipoutazama, unasahau. Nilikuwa nikiutazama kwenye kioo kile, na siku hiyo sikukitazama. Sikusema kwa daktari, sikusema kwa karani wenu, na alipojitwisha kosa langu nilimwacha alibebe." Akamgeukia mzee. "Nisamehe, baba."

Mzee Dereva alitazama miguu yake. "Mama, nimekwambia utakosa karatasi," akanung'unika.

Mwanamke mrefu akauliza bila haraka: "Kwa hiyo leo utamhamishaje?"

"Peke yangu, simhamishi."

Akamwita msimamizi aje upande wa kushoto. Wakamwinua mzee wawili, wakamgeuza, wakamkalisha kwenye kiti salama salimini. Mzee alifuata kila alichoambiwa kama abiria aliyelipa nauli, lakini mdomo haukufunguka.

"Mgonjwa hakusema neno la usalama," akasema bwana wa miwani, kalamu mkononi.

"Hakusema," akajibu Mama Bega. "Andika. Haki yake."

Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu, na kungoja kulimshinda kuliko mazoezi yoyote aliyopata kuyafanya. Alipanga kabati, akalipangua. Mwishowe Baraza likamwita. Karani yuleyule wa shati akamsomea uamuzi: jina halifutwi, kwa kuwa amesema mwenyewe, na mgonjwa hakupata madhara ya kudumu, ila onyo liwekwe kwenye jalada lake kwa kuchelewa kusema. Leseni anapewa, yenye sharti. Asimwinue wala kumhamisha mgonjwa bila mtaalamu mwenzake upande wake wa kushoto, na sharti lisimame mpaka atakapopimwa tena.

"Hongera, mama," akasema karani.

Alifika nyumbani, akaketi jikoni, akalia. Watu wangependa niseme yalikuwa machozi ya furaha. Hayakuwa. Alimlilia yule mwanamke wa kuhamisha kabati, ambaye hatarudi, na fundi alikuja akakaa karibu naye bila kumwambia anyamaze. Alipomaliza akaosha uso na kuuliza koti lake jeupe liko wapi. Fundi alikwisha kulipiga pasi, vibaya, mikunjo imekwenda kombo. Akalivaa hivyohivyo.

Chumbani kulikuwa na shughuli zake za kawaida. Kitanda kilikuwa dirishani, na juu yake ameketi Mzee Dereva, aliyerudishiwa mazoezi baada ya ukweli kujulikana. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na begi la nguo, akingoja kuona kama leo baba anachukulika. Mama Bega akamfunga mkanda, akalizuia goti. Msimamizi akaja akasimama kushoto kwake, tayari, mikono imenyooshwa, akitaka tu kushika. Alikuwa angali akimwonea haya Mwalimu, na angeshika bila kusubiri kitu.

"Ngoja," akasema Mama Bega.

Alisimama hapo, mikono yake nyuma ya mgongo wa mzee, na kwa mara ya kwanza akaelewa ni kwa nini wanaume wazima walikuwa wakitokwa na jasho mbele yake kwa ajili ya neno dogo hivyo. Lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mzee Dereva alikuwa karibu sana, akimwona lilivyokuwa likipanda na kushuka.

"Nishike," akasema Mama Bega.

Msimamizi akaweka kiganja chake juu ya ule mkono wa kushoto, akaufunga juu ya mkanda. Alipomtazama Mwalimu wake akaona bega limeshuka, liko mahali pake.

"Kumbe na wewe linakukaba!" akasema Mzee Dereva, akacheka mpaka mkanda ukatikisika. Kicheko kilipomwisha alimtazama binti yake pale mlangoni, kisha hao wanawake wawili.

"Haya basi," akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Nishikeni."

Wakamshika, akasimama.